Kawi si Nishati: Kiswahili cha Umeme na Funzo la Mitunguu

Ni ada ya wapenzi wa Kiswahili, kila wanapokutana katika makongamano yao, kusisitiza kwamba lugha hii inajimudu katika nyanja zote za maarifa. Kauli hiyo hupigiwa makofi, kikao kikafungwa na kila mtu akarejea kwake. Ni nadra kauli hiyo kutiwa mizanini. Makala haya yanaitia mizanini kwa kuteua uwanja mmoja mgumu, yaani misingi ya uhandisi wa umeme, na mahali pamoja mahususi, yaani Mitunguu, soko lililoko Imenti Kusini katika Kaunti ya Meru. Hoja yenyewe ni hii: Kiswahili hakina uhaba wa maneno ya kuelezea umeme, kilichokosekana ni mgawanyo wa kazi miongoni mwa maneno hayo. Kuchelewa kuigawa kazi hiyo kunawagharimu watu fedha, na wakati mwingine uhai.

Anayesimama chini ya nguzo za transfoma sokoni ataona kibao chenye picha ya fuvu la kichwa na onyo kwa lugha mbili. Kwa Kiswahili limeandikwa neno moja: HATARI. Vibao vya aina hiyo vimetapakaa kote nchini Kenya. Aghalabu hilo ndilo neno pekee la Kiswahili lililokwea nguzo hizo, kwani maelezo yaliyobandikwa kwenye transfoma yenyewe, kuhusu volteji na ukubwa wa mtambo, yako kwa Kiingereza. Kiswahili kimeaminiwa kumtisha mwananchi, ila hakijaaminiwa kumweleza kinachomtisha.

Maji ya Thingithu na somo la mkondo

Mitunguu iko kwenye miteremko ya chini ya Mlima Kenya, upande wa mashariki, ambako mvua ni haba kuliko kule juu Nkubu. Tangu miaka ya 1980, mradi wa unyunyiziaji uliojengwa kwa msaada wa Ujerumani umekuwa ukiyateremsha maji ya Mto Thingithu kwa mabomba hadi mashambani. Maji hayo hayasukumwi na pampu. Huteremka kwa mvuto wa ardhi. Ndiyo yaliyoifanya sehemu hiyo kavu kusifika kwa ndizi.

Mkulima wa huko, hata kama hajawahi kuketi katika darasa la fizikia, anayafahamu mambo matatu. La kwanza ni kimo: kadiri chanzo cha maji kilivyo juu kuliko shamba, ndivyo maji yanavyofika kwa msukumo mkubwa. La pili ni mkondo, yaani kiasi cha maji kipitacho bombani kwa kila sekunde. La tatu ni ukinzani: bomba refu na jembamba huyazuia maji kuliko bomba fupi na pana. Mambo hayo matatu ndiyo mlango wa nadharia nzima ya umeme. Volteji, ambayo hupimwa kwa volti, inashika nafasi ya kimo. Mkondo wa umeme hupimwa kwa ampea. Ukinzani wa waya hupimwa kwa omu. Kanuni aliyoichapisha Mjerumani Georg Ohm mwaka 1827 inasema kwamba mkondo ni sawa na volteji ikigawanywa kwa ukinzani. Mkulima wa Mitunguu akielezwa hivyo, jipya kwake ni majina tu.

Mkulima huyo anajua jambo la nne pia. Wenye mashamba ya bomba moja wakifungulia maji kwa wakati mmoja, kinyunyizi cha shamba la mwisho hulegea. Vivyo hivyo, saa moja jioni, kila nyumba inapowasha taa na vyombo vyake, balbu ya nyumba iliyo mwisho wa laini hufifia. Mkondo umeongezeka, na waya mrefu umekula sehemu ya volteji njiani. Kwa hiyo mwalimu hahitaji kuagiza mifano kutoka ng'ambo. Neno lenyewe mkondo lilikuwa la mto kabla ya kuwa la umeme.

Ni kweli kwamba mfano wa maji una mipaka yake, na mwalimu mwaminifu hana budi kuitaja. Bomba likikatika, maji humwagika. Waya ukikatika, umeme haumwagiki. Mkondo hukoma, kwa kuwa umeme huhitaji njia ya kwenda na njia ya kurudi, ambazo kwa pamoja huitwa saketi. Waya wenye volteji uliokatika na kulala chini humngoja atakayeugusa ili mwili wake uwe njia hiyo ya kurudia. Aidha, maji ya Thingithu huteremka kuelekea upande mmoja tu, ilhali mkondo wa gridi ya Kenya hugeuza mwelekeo wake na kukamilisha mizunguko 50 kwa kila sekunde. Hata hivyo, kasoro hizo haziubatilishi mfano. Zinaonyesha tu mahali ambapo maelezo zaidi yanahitajika, na maelezo hayo yanawezekana kwa Kiswahili, kama yalivyotolewa sasa hivi.

Neno moja lililobebeshwa mizigo mitatu

Tatizo halisi linaanzia kwenye neno nguvu. Katika mazungumzo ya kila siku, neno hili hubeba dhana tatu ambazo fizikia huzitenganisha kabisa na kuzipima kwa vipimo tofauti, yaani niutoni, juli na wati.

Chukua mfano wa mpakiaji anayejaza lori mikungu ya ndizi. Anapoushikilia mkungu mmoja usianguke, anatumia kani. Akishapakia mikungu 100, jumla ya kazi aliyoifanya ni nishati. Kasi ambayo nishati hiyo ilitumika, yaani kama lori lilijaa kwa saa moja au kwa kutwa nzima, ni dhana ya tatu. Wapakiaji wawili waweza kutumia nishati ile ile huku wakitofautiana mno katika dhana hiyo ya tatu. Kiswahili cha soko huwaelezea wote wawili kwa neno moja tu, nguvu.

Dhana hiyo ya tatu, inayopimwa kwa wati, ndiyo roho ya uhandisi wa umeme, nayo haina jina moja thabiti. Wakati huohuo, dhana ya pili ina majina mawili yanayoshindana. Kenya ina Wizara ya Kawi. Tanzania ina Wizara ya Nishati. Wizara hizo mbili zinashughulikia mambo yale yale, na wanafunzi wengi wa isimu huutaja mfano huu kama kielelezo cha kero ya ukosefu wa usanifishaji. Makala haya yanauona kama bahati. Lugha iliyo na maneno mawili kwa dhana moja, na dhana jirani isiyo na jina, tayari ina dawa mkononi. Nishati ibaki kuwa jina la kile kinachopimwa kwa juli, nayo kawi iwe jina la kile kinachopimwa kwa wati. Kani iendelee na niutoni zake. Nguvu iachiwe umma iwe neno la jumla, kama inavyostahili, la nguvu za hoja na nguvu za mwili.

Faida ya mgawanyo huo inaonekana mara moja. Kawi ya umeme, katika hali iliyo sahili, ni zao la volteji na mkondo. Kwa sentensi hiyo moja, transfoma yenye kibao cha HATARI inaelezeka. Kawi ile ile yaweza kusafirishwa kwa volteji ndogo na mkondo mkubwa, au kwa volteji kubwa na mkondo mdogo. Joto linalopotea katika waya hutegemea mraba wa mkondo. Mkondo ukipunguzwa mara 100, upotevu hupungua mara 10,000. Ndiyo sababu umeme husafirishwa nchini kwa volti 132,000, 220,000 na hata 400,000, ukapunguzwa kwa hatua hadi volti 33,000 au 11,000, kisha transfoma ya sokoni ikaushusha hadi volti 415 kwa mashine za fezi tatu na 240 kwa nyumba za kawaida. Hapa hakuna lililoshindikana kusemwa.

Tokeni, nyaya na moto

Huenda msomaji akaona kwamba huu ni ubishi wa wanafunzi wa istilahi. Hebu na aitazame mita ya tokeni. Mwananchi anaponunua yuniti, ananunua nishati. Yuniti moja ni kilowati moja iliyotumika kwa muda wa saa moja, yaani juli 3,600,000. Balbu ya wati 10 yaweza kuwaka kwa saa 100 kabla ya kuimaliza yuniti hiyo. Hita ya maji ya wati 2,000 huimaliza kwa nusu saa. Aghalabu yuniti hiyo husikika ikiitwa "kilowati kwa saa". Jina hilo ni kosa la sarufi na la hesabu kwa pamoja, kwa sababu "kwa" hapo huashiria kugawanya, kama katika kilomita kwa saa, ilhali kinachofanyika ni kuzidisha. Kilowatisaa lingekuwa neno sahihi, nalo halimchoshi msemaji.

Sasa mwenye duka amuulize fundi: "Mashine hii inakula stima ngapi?" Swali hilo lina majibu mawili. Jibu la kawi huamua unene wa waya na ukubwa wa fyuzi. Jibu la nishati huamua fedha zitakazotumika mwisho wa mwezi. Hita ya wati 2,000 inayowashwa dakika tano kwa siku haitumii hata yuniti sita kwa mwezi, na mwenyewe aweza kusema kwa moyo mweupe kwamba "haina nguvu sana". Lakini katika dakika hizo tano inavuta ampea zaidi ya nane, na waya mwembamba uliokusudiwa taa hupata moto kwa kipimo cha mkondo wa wakati huo, bila kuujali udogo wa gharama ya mwezi. Nyumba ikiungua, gazeti huandika kwamba chanzo ni "hitilafu ya umeme", na uchunguzi wa lugha hukomea hapo. Ilhali sehemu ya hitilafu hiyo yaweza kuwa ilianza katika swali lililoulizwa kwa neno lenye maana mbili.

Neno shoti linahitaji kugawiwa kazi vivyo hivyo. Hutumika kwa nyaya mbili zilizogusana, na hutumika pia kwa mtu aliyepitiwa na umeme mwilini. Haya ni matukio mawili yenye kinga mbili. Nyaya zikigusana, mkondo hupanda ghafla na fyuzi hukatika. Mtu akiguswa, mkondo unaopita mwilini mwake ni mdogo mno kwa fyuzi kuutambua. Balbu ya kizamani ya wati 60 hutumia miliampea 250. Swichi maalumu za kumkinga binadamu, zinazolinganisha mkondo uendao na ule urudio, hutengenezwa ili zikate umeme tofauti ikifika takriban miliampea 30, kwa sababu kupita hapo moyo huwa hatarini. Fyuzi ya ampea 5 humwona mtu anayekufa kama balbu tu iliyowashwa. Mtu aliyeambiwa kwamba fyuzi "inazuia shoti" ataiamini kwa uhai wake, naye atakuwa amedanganywa na neno. Kumbe Kiswahili kina neno zuri kwa tukio la pili: mtu hunaswa na umeme. Shoti na ibaki kwenye nyaya, na kunaswa kubaki kwa binadamu.

Bwawa limejaa, nchi imo gizani

Mkanganyiko huu hauishii madukani na majumbani. Unafika hadi kwenye habari za taifa zima. Tarehe 7 Juni 2016, tumbili alipanda juu ya paa la kituo cha umeme cha Gitaru, mojawapo ya vituo vya Mto Tana upande wa Embu, akaiangukia transfoma. Transfoma ilijizima, mitambo mingine ya kituo ikalemewa na kujizima, na zaidi ya megawati 180 zikapotea kwa mara moja. Kenya nzima iliingia gizani. Tumbili mwenyewe alinusurika, na kwa siku kadhaa alikuwa gumzo na kichekesho.

Kicheko hicho kilificha swali la msingi. Mto Tana una mabwawa, likiwemo lile kubwa la Masinga lililokamilika mwaka 1981. Maji hayakuwa yamekauka siku hiyo. Inakuwaje nchi ikose umeme ilhali maji yapo? Anayetumia neno nguvu peke yake hawezi kulijibu swali hilo. Anayetofautisha kawi na nishati hulijibu kwa sentensi mbili. Bwawa ni ghala la nishati, lakini gridi huhitaji kawi inayozalishwa ilingane na kawi inayotumiwa katika kila sekunde. Upungufu wa ghafla ukitokea, mitambo iliyosalia hulemewa, mwendo wake hupungua, marudio hushuka chini ya mizunguko 50, na vifaa vya ulinzi huanza kuitenga mitambo mmoja baada ya mwingine ili isiharibike, hadi gridi yote ikaanguka. Ghala lililojaa halimsaidii mwenye njaa ambaye mlango wake umefungwa.

Wakenya huseme kwamba "stima zimepotea", kana kwamba ni mbuzi waliovunja zizi. Usemi huo una utamu wake, na hakuna sababu ya kuupiga marufuku. Ila unatosha kwa malalamiko, hautoshi kwa maelezo. Taifa linalojadili bei za umeme, mitambo ya jotoardhi na nyaya za kuvuka mipaka linahitaji raia wanaoweza kuuliza swali la pili baada ya malalamiko.

Pingamizi na majibu yake

Pingamizi la kwanza litatoka kwa wanaosema kwamba uhandisi hufundishwa kwa Kiingereza, kwa hivyo istilahi za Kiswahili ni pambo. Jibu ni kwamba watumiaji wa umeme ni wengi kuliko wahandisi wake, na mafundi wengi wa sokoni hujifunza kazi kwa kumtazama fundi mwingine, kwa Kiswahili na kwa Kimeru. Isitoshe, Kifungu cha 7 cha Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 kimekifanya Kiswahili kuwa lugha rasmi pamoja na Kiingereza. Lugha rasmi isiyoweza kumweleza raia mita yake inatimiza urasmi nusu.

Pingamizi la pili litasema kwamba neno uwezo linatosha kwa dhana ya wati. Tanzania husemwa kwamba Bwawa la Julius Nyerere katika Mto Rufiji lina uwezo wa megawati 2,115, na usemi huo ni sahihi. Lakini uwezo ni upeo wa mtambo, hata ukiwa umelala. Mtambo wenye uwezo wa megawati 200 waweza kuwa unatoa 50 saa hii. Hizo 50 ni kawi yake ya sasa, na haifai kuziita uwezo.

Pingamizi la tatu ndilo zito. Litakumbusha yaliyoikuta tarakilishi, iliyofundishwa shuleni na kukaririwa kwenye mitihani huku umma ukiendelea kusema kompyuta. Je, kawi haitakufa kifo hicho hicho? Tofauti ni kwamba tarakilishi ilitumwa kukiondoa kitini kilichokwisha kukaa na kueleweka. Kiti cha dhana ya wati kiko wazi. Tena, neno kawi halihitaji kubuniwa. Wakenya wanalisikia redioni kila wiki. Linalohitajika ni kuliwekea mipaka. Kuhusu jinsi neno linavyoenea, Tanzania imetoa funzo bora kuliko nadharia yoyote. Mita za kulipia kabla zilipoingia huko, Shirika la Umeme liliuita mfumo wake LUKU, yaani Lipa Umeme Kadiri Utumiavyo. Leo luku ni neno la kila nyumba, na limebeba ndani yake maelezo ya kitu chenyewe. Neno huishi linapowekwa kwenye risiti, kwenye mita na kwenye kibao cha nguzo. Likiachwa kamusini pekee, hulala.

Hitimisho

Kazi iliyobaki ni ya wanafunzi na wahadhiri wa Kiswahili, na haiwezi kufanywa maktabani peke yake. Tasnifu nyingi za istilahi hulinganisha kamusi na kamusi, zikahitimisha kwa kupendekeza kamusi nyingine. Katika eneo la Meru na Embu vyuo vikuu vya Meru, Chuka na Embu viko umbali wa safari fupi kutoka Mitunguu. Mwanafunzi wa isimu akaketi na mwanafunzi wa uhandisi, kisha wote wawili wakaketi na fundi wa sokoni na mkulima wa ndizi, istilahi zitapimwa na watu ambao kosa la neno litawaumiza. Neno likishindwa hapo, litupwe mapema. Likifaulu, lipelekwe kwenye mabaraza ya lugha na kwa kampuni za umeme likiwa na ushahidi mkononi.

Kiswahili kimekaa juu ya nguzo kwa miaka mingi kikiwa na neno moja la kutisha. Umefika wakati kishuke na kumweleza aliyesimama chini, kwa mfano wa maji anayoyafungulia kila asubuhi, kwamba kimo ni volteji, mtiririko ni mkondo, ghala ni nishati, na kasi ya kulitumia ghala hilo ni kawi. Aliyeelewa hivyo atajua kwa nini anapaswa kuogopa, na pia atajua asichopaswa kukiogopa.